治: Herufi ya Maji Iliyobeba Utawala na Tiba

Mheshimiwa mwenyekiti, walimu wangu, wazee mliotutangulia, shikamooni. Ndugu zangu wanafunzi wa Kichina na wageni wote mliofika, habari za jioni.

Nimeombwa nizungumzie herufi moja ya Kichina inayohusu maji na namna ilivyotumika katika maandishi ya kale. Nimechagua 治, inayosomwa zhì kwa toni ya nne. Wengi wenu mmeshaikariri ndani ya zhèngzhì, yaani siasa, na ndani ya zhìliáo, yaani matibabu, lakini sidhani kama mmewahi kuambiwa kwa nini siasa na matibabu ziandikwe kwa maji. Tazameni upande wake wa kushoto. Yale matone matatu, sān diǎn shuǐ, ni alama ya maji, ile ile mnayoiona kwenye herufi ya mto, ya bahari na ya ziwa. Upande wa kulia ni 台, na kazi yake hapa ni kutoa sauti tu. Leo 台 husomwa tái na masikio yetu hayasikii ukaribu wowote na zhì, lakini katika matamshi ya kale zilikuwa jirani.

Tuanze na kamusi. Xu Shen alikamilisha Shuowen Jiezi mwaka 100 BK, na mwanawe akaiwasilisha kwa mfalme mwaka 121. Ukifungua sehemu ya maji ukaitafuta 治, unategemea kukuta habari za utawala. Hazipo. Xu Shen anaandika kwamba ni jina la mto: unatoka mlima Yangqiu huko Qucheng, katika jimbo la Donglai, unateremka kusini na kuingia baharini. Ni mto wa rasi ya Shandong, tena si mkubwa, na maelezo yake yanaishia hapo.

Basi naomba tusiende haraka. Kuna watu wanaopenda kusema kwamba Wachina waliifikiria serikali, wakachora maji, wakapata herufi. Inapendeza masikioni, lakini kamusi haisemi hivyo. Duan Yucai, msomi aliyeifafanua kamusi hiyo zama za ukoo wa kifalme wa Qing, aliona kwamba herufi ya mto iliazimwa ili kuandika neno la kupanga na kuweka sawa, na uazimaji wa namna hiyo umejaa katika maandishi ya kale. Kwa hiyo sitadai kwamba matone yale matatu ni ushahidi wa asili ya neno. Ninachokitetea jioni ya leo ni kingine: kwamba mara herufi hiyo ilipokwisha kubeba maana ya kutawala, waandishi wakubwa wa Kichina cha kale waliirudisha majini tena na tena, kwa makusudi, na anayewasoma bila kuyaona maji hayo hupoteza nusu ya wanachosema.

Neno linalobeba mzigo wote ni 治水, zhì shuǐ, yaani kuyatawala maji. Na mtu wake ni Yu.

Mnaijua habari. Enzi za mfalme Yao maji yalifurika nchi nzima. Kazi ya kuyadhibiti alipewa Gun, babake Yu. Gun alijenga kuta na matuta ayazuie. Kitabu cha Nyaraka, Shangshu, kinasema alifanya kazi miaka tisa bila mafanikio, akaadhibiwa huko mlima Yu, jina lisilohusiana na la mwanawe. Mwanawe akaingia kazini kwa njia tofauti kabisa: alizibua, akachimba, akayafungulia maji njia hadi baharini. Kama Yu aliishi kweli au ni mtu wa masimulizi, wanahistoria bado wanabishana, na kwa kazi yetu ya leo haidhuru. Mencius, mwanafalsafa mfuasi wa Confucius, anasema alikaa nje miaka minane, akapita mbele ya mlango wa nyumba yake mara tatu asiingie. Sima Qian, mwanahistoria wa enzi ya Han, anasema miaka 13. Lakini picha ninayoipenda zaidi ni ya Han Fei, mwanafalsafa wa sheria kali, mtu asiyejulikana kwa maneno matamu: anasema Yu alishika sepetu kwa mikono yake akiwatangulia watu, mapaja yakaisha nyama na miguu haikuota nywele. Ndivyo alivyokuwa mtawala wa maji. Alikuwa ndani ya tope pamoja na watu wake.

Sasa naomba mtulie hapa, maana pana fungu moja la Mencius ambalo kwangu ni moyo wa mazungumzo haya. Liko katika kitabu cha sita, nusu ya pili. Bwana mmoja aitwaye Bai Gui anakuja kujisifu. Anasema: 丹之治水也愈於禹, «Mimi Dan nimeyatawala maji kumshinda Yu.» Dan ni jina lake mwenyewe, mtu wa heshima alipojitaja mbele ya mkubwa alitumia jina lake badala ya kusema «mimi». Na Bai Gui hakuwa mtu wa kubahatisha. Han Fei anamtaja kama mkaguzi makini wa matuta, aliyekuwa akipita na kuziba matundu yake, kwa kuwa tuta la urefu mkubwa huweza kubomolewa na tundu la chungu. Ni fundi kweli kweli.

Mencius anamjibu: «Umekosea, bwana. 禹之治水,水之道也. Ndiyo maana Yu alizifanya bahari nne kuwa shimo la kupokea maji. Wewe umezifanya nchi jirani kuwa shimo.»

Nawaomba wanafunzi muitazame sentensi ile ya katikati, maana ina herufi nane tu. Nusu ya kwanza, 禹之治水, ni «Yu kuyatawala maji». Hiyo 之 iliyokaa kati ya mtenda na kitenzi inaigeuza sentensi nzima kuwa jina, kama sisi tunavyosema «kutawala kwa Yu». Nusu ya pili, 水之道也, ni «njia ya maji». Hakuna kitenzi, wala hakuna «kama» au «kwa kufuata». Mencius anaziweka nusu mbili ubavu kwa ubavu, kisha anafunga kwa 也, ile inayothibitisha kwamba hiki ndicho kile. Kutawala kwa Yu ni njia ya maji. Mfasiri analazimika kuongeza maneno, aseme «Yu aliyatawala maji kwa kufuata mwenendo wa maji yenyewe», naye hajakosea. Ila Mencius amesema zaidi ya hapo: katika 治 ya kweli, anachokifanya mtawala na yanachokitaka maji ni kitu kimoja.

Angalieni pia kosa la Bai Gui liko wapi. Matuta yake hayakupasuka. Nchi yake ilikuwa kavu. Kwa kipimo cha ofisi yoyote amefaulu, na angepandishwa cheo. Lakini maji aliyoyazuia hayakupotea, yalimfika jirani. Mencius anaendelea kusema kwamba maji yakirudishwa nyuma yakaenda kinyume cha njia yake ndiyo yanayoitwa gharika, kitu anachokichukia kila mtu mwenye utu. Kutokana na fungu hili Wachina wamebaki na msemo wa herufi nne, 以鄰為壑, yǐ lín wéi hè, kumfanya jirani kuwa shimo, na wanautumia hadi leo kwa mtu au nchi inayoondoa shida yake kwa kuitupa kwa mwingine. Nchi zinazochangia mto mmoja zinauelewa msemo huu bila mkalimani.

Mifereji na vinywa vya watu vimekaa pamoja katika fikra zao tangu zamani. Kitabu cha Hotuba za Nchi, Guoyu, kinasimulia juu ya Mfalme Li wa Zhou, aliyekuwa akisemwa vibaya na raia. Akaweka mtu wa kuwapeleleza, na aliyetajwa akauawa. Watu wakaacha kusema, wakawa wakikutana barabarani wanatazamana tu. Mfalme akafurahi, akamwambia Mtukufu wa Shao: nimeweza kuyakomesha masengenyo. Akajibiwa: 是障之也, «Hapo umewaziba tu.» Kisha: «Kuziba vinywa vya watu ni hatari kuliko kuziba mto. Mto ukizibwa ukipasuka, wataumia wengi, na watu ni vivyo hivyo.» Neno hilo 障, kuziba, ndilo lile lile ambalo Kitabu cha Ada, Liji, kinalitumia kwa Gun na mafuriko yake. Mfalme hakusikia. Baada ya miaka mitatu alifukuzwa na watu wake mwenyewe akakimbilia Zhi, mwaka 841 KK, na mwaka huo ndio wa kwanza ambao historia ya China inaweza kuuhesabu kwa uhakika, mwaka baada ya mwaka, hadi leo.

Nikiri kwamba katika fungu hilo herufi 治 haipo. Wanatumia 為 kwa anayeshughulikia mto. Lakini karne nyingi baadaye, karibu mwaka 7 KK, Mto Manjano ulipokuwa ukiwatesa watu wa enzi ya Han, Jia Rang alimwandikia mfalme waraka juu ya mto huo, na humo 治 inasimama wazi. Anasema ardhi kuwa na mito ni kama mtu kuwa na kinywa. 治土而防其川, kuitawala ardhi huku ukiiziba mito yake, ni sawa na kumnyamazisha mtoto anayelia kwa kumziba kinywa. Atanyamaza mara moja, anasema Jia Rang, lakini kifo chake utakingoja umesimama. Huyu hakuwa anaandika shairi. Waraka wake ulikuwa wa uhandisi, ukipendekeza watu wahamishwe kutoka uwanda ambao mto ulihitaji kuutandaza mwili wake, na ulihesabu gharama.

Anayetaka kuiona 治水 kwa macho aende Sichuan, Dujiangyan. Karibu mwaka 256 KK Li Bing, gavana wa Shu, aliutengeneza mto Min bila kujenga bwawa la kuukata. Aliugawa kwa kisiwa chenye ncha kama mdomo wa samaki, kilichojengwa kwa vikapu virefu vya mianzi vilivyojazwa mawe. Mkondo wa ndani huenda mashambani kupitia mwanya uliochongwa kwenye mlima, upana wake mita 20 hivi. Mkondo wa nje hubeba mafuriko. Kwa kuwa mkondo wa ndani uko chini zaidi, maji yakipungua sehemu sita kati ya kumi hujipeleka huko, na mto ukifura mgawo hugeuka, nne ndani na sita nje. Katika mpango wake wa awali hapakuwa na lango wala mtu wa kulifungua. Watunzaji wa Dujiangyan waliachiwa sheria ya herufi sita: 深淘灘,低作堰, chimba kitanda kina, jenga ukingo chini. Kila mwaka tope hutolewa. Uwanda wa Chengdu unakunywa maji hayo mpaka sasa, na UNESCO iliuingiza mfumo huo katika urithi wa dunia mwaka 2000. Kwa maoni yangu hakuna ufafanuzi wa Mencius ulio bora kuliko mawe yale.

Turudi kwenye sarufi kidogo, maana najua mtihani uko karibu. Katika maandishi ya kale 治 hufanya kazi mbili ambazo Kiswahili huzitenganisha. Ya kwanza ni kitendo: 治國, kuitawala nchi. Ya pili ni hali: 天下治, dunia imetulia, mambo yamekaa sawa. Kitabu cha Mazungumzo ya Confucius kinasema Shun, mfalme wa masimulizi aliyemfuata Yao, alikuwa na mawaziri watano na 天下治. Hapo hakuna anayemtawala mwingine. Ni nchi yenyewe iliyokaa vizuri. Vitabu vya kale vya matamshi vilizitenga hata kwa toni, toni tambarare kwa kitendo na toni ya kushuka kwa hali, ingawa leo zote zimebaki zhì. Hali hiyo ina mpinzani wake, 亂, luàn, vurugu. Mencius anasema tangu watu waanze kuishi duniani imekuwa 一治一亂, mara utulivu mara vurugu, na mfano wake wa kwanza wa vurugu ni maji ya enzi za Yao yaliyokwenda kinyume, nyoka na majoka wakakaa mahali pa watu.

Jihadharini na mtego mmoja. Mfalme Wu wa Zhou alisema, kama anavyonukuliwa katika Mazungumzo ya Confucius, 予有亂臣十人. Ukifasiri haraka, anajivunia kuwa na mawaziri kumi wa vurugu! Wafafanuzi wa kale wanatuambia kwamba 亂 hapo maana yake ni 治: mawaziri kumi wa kuweka mambo sawa.

Na kuna 治於人. Mencius anasema wanaofanya kazi kwa akili 治人, huwatawala watu, na wanaofanya kazi kwa nguvu 治於人, hutawaliwa na watu. Hiyo 於 peke yake inageuza kutawala kuwa kutawaliwa. Sentensi hii imewaudhi wengi, na mimi pia siipendi kama inavyonukuliwa. Lakini isomeni mahali pake. Mistari michache mbele, katika mjadala ule ule, ndipo anapotaja Yu na miaka yake minane. Mtawala anayemzungumzia hajakaa kivulini.

Nje ya serikali, 治 inaingia kila mahali penye kitu kinachohitaji mkono unaojua. Kutayarisha mizigo ya safari ni 治裝. Kuchambua nyuzi za hariri ni 治絲, na katika Zuozhuan, kitabu cha kale cha historia, chini ya mwaka 719 KK, waziri mmoja wa nchi ya Lu anasema kuwaunganisha watu kwa vurugu ni kama kuchambua hariri kwa kuivuruga. Mganga naye 治 ugonjwa. Wale mnaotarajia kwenda China kusomea udaktari mtakutana na Huangdi Neijing, kitabu cha kale cha tiba, na sura yake ya pili inafundisha kwamba mtu mwenye hekima hatibu ugonjwa uliokwisha kuingia, bali hutibu ambao haujaingia; hatawali vurugu iliyokwisha kuzuka, bali ambayo haijazuka. Herufi ni ile ile mara nne, kwa mwili na kwa nchi, 不治已病治未病,不治已亂治未亂. Halafu mwandishi anarudi majini bila kuombwa: kungoja ugonjwa ndipo utibu ni kama kusubiri kiu ndipo uchimbe kisima, je, si umechelewa?

Laozi, mwanafalsafa wa Dao, anasema kuitawala nchi kubwa ni kama kupika samaki wadogo. Han Fei ameeleza: ukiwageuzageuza watasagika.

Lakini nisiwafanye mdhani hii ni herufi ya upole. 治獄 ni kuendesha kesi, 治罪 ni kuadhibu mkosaji, na katika vitabu vya historia mtu akitiwa mikononi mwa wakaguzi «akatawaliwe», mara nyingi hatoki mzima. Han Fei yule yule aliyemsifu Yu aliamini sheria kali na adhabu. Wachina wa kale walibishana kwa karne nyingi juu ya kutawala, kama kunahitaji kuziba au kuzibua, na wote walitumia herufi hii moja. Ninaposoma nasimama upande wa Yu, Jia Rang na Li Bing, tena bila kusita, lakini nyinyi wasomeni wote.

Neno la mwisho ni la kuwasaidia mkifika kwenye maandishi ya enzi ya Tang. Mfalme Gaozong, aliyetawala kuanzia 649 hadi 683, jina lake lilikuwa Li Zhi, na zhi yake ni hii hii. Jina la mfalme halikuandikwa ovyo, kwa hiyo waandishi wakawa wanaweka 理, lǐ, mahali pa 治, na hata vyeo vya serikali vilivyokuwa na herufi hiyo vikabadilishwa. Ukikuta andiko la Tang linasema 理 mahali unapotegemea kutawala, kumbuka Gaozong, usikimbilie falsafa. Han Yu, mwandishi wa enzi hiyo hiyo ya Tang, alilalamika kuhusu miiko ya namna hii. Alikumbusha kwamba Malkia Lü wa Han aliitwa Zhi, 雉, ndege wa porini wa jamii ya kuku, na watu wakamwita ndege huyo «kuku wa mwituni» ili kulikwepa jina lake. Lakini hakuna aliyesikia, anasema Han Yu, kwamba kwa ajili hiyo walikatazwa kuandika 治 ya kutawala dunia.

Fungu la Mencius na Bai Gui nimewaachia walimu wenu nakala, ni mistari minne tu. Wenye maswali karibuni mbele. Asanteni sana kwa kunisikiliza.